Nilisahau Ubavu

Ghorofa ya juu yangu, hapa Maribor,
anaishi Bwana Hudournik, mstaafu wa kiwanda cha malori.
Simwoni. Namsoma
katika bilauri ya maji iliyo mezani:
akienda dirishani, viduara vinne;
akirudi na chai, vitatu, vizito.
Siku goti linapomuuma
maji nayo huchechemea.

Naandika haya kwa kuwa mliniuliza,
nyinyi mliokuja na kamera siku ya pili yake,
kama sikujua. Nilijua.
Nilijua kwamba mtu ni nyundo iliyovaa viatu,
hupiga chini mara mbili kwa sekunde,
na daraja langu nikalipa mifupa
isiyoitikia pigo hilo.
Juu na chini nilifunga milango yote.
Nilisahau ubavu.

Kwani nani hukumbuka kwamba tukitembea tunayumba?
Mguu wa kulia huisukuma dunia kushoto,
wa kushoto huirudisha,
kidogo tu, kama paka anayejiegemeza kwenye muundi,
mara moja kwa sekunde, si mbili.
Mlango huo ulikuwa wazi, na ufunguo ndani yake.

Jumapili ya kwanza ya Mei. Bendi ya zimamoto,
soseji, baluni, padri amekwishanyunyiza maji.
Chini mto Drava, rangi ya chupa.
Wakiwa mia mbili, daraja limetulia.
Mia tatu na kumi, limetulia.
Kisha akaingia mmoja,
labda yule mama mwenye kitoroli, labda kijana wa aiskrimu,
sitamjua kamwe na wala hana kosa,
chuma kikavuta pumzi.

Hakuna aliyeamuru. Bendi ilikuwa inakula.
Ila sakafu ikikuondokea kulia utapanua miguu,
utakanyaga pale inapokukuta, usianguke,
na jirani yako vivyo hivyo, na wa nyuma yake,
mpaka

     kushoto wakaegama,
     kulia wakasukuma,
     mbele hadi kule nyuma,
     mwendo mmoja wa watu;

     wageni wasojuana,
     wazee pamwe vijana,
     mabega yakafanana
     pasi kuitwa na mtu;

     chuma nacho chafuata,
     kila hatua chapata,
     hakiachi, chaokota,
     charudisha kwa kiatu.

Vina vilikuwa vyao. Mizani ilikuwa yangu.
Lilikuwa zuri, sitalikana,
shairi la watu mia tatu na kumi na mmoja
waliokwenda kununua soseji.
Liliyumba shibiri nzima.
Baluni zikapaa. Mtoto akacheka, mama yake akalia.
Kisha wote wakasimama, kwa hofu,
na daraja, lilipokosa wa kulilisha, likanyamaza.

Novemba tuliwaita tena, kwa posho na bakuli la supu.
Chini ya sakafu tulikuwa tumetundika vizito kwenye springi,
tani mbili mbili, vimezamishwa katika mafuta mazito.
Kazi yao ni ukaidi:
daraja likienda, wao wamechelewa;
likirudi, ndiyo kwanza wanakwenda.

Nilisimama na vipimio vyangu pale kati, meno yakigongana,
nikawatazama wakija, safu kwa safu, vichwa chini.
Walijitahidi. Nyaya hazikutikisika.
Na katika safu ya tisa, namba themanini na nane kifuani,
mzee mmoja, peke yake, nje ya kila mwendo,
mrefu, kisha mfupi, mrefu, kisha mfupi.
Nilimtambua kabla sijaona uso.
“Jirani,” nikamwambia.
Akanitazama kama mtu aliyesomewa barua yake.

Usiku huu theluji. Bilauri iko mezani.
Viduara vinne kwenda dirishani.
Nasubiri vile vitatu.